Nyumba iko na alama nyekundu: turembeshe kile tutabeba

Mwezi wa tano, katika mkutano wetu wa wafanyakazi upande wa Mashamba, mama mmoja alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Tulikuwa tunazungumza mambo ya mishahara na saa za ziada. Alingoja mpaka tumalize, halafu akasema: "Baba delege, mbele ya kufunga mukutano, niko na ulizo moja. Nyumba yetu balitia alama nyekundu. Balituambia tusijenge tena, tusiongeze hata tofali moja. Miaka inapita, habatuhamishe. Sasa, kupaka rangi mu saloni, iko ruhusa?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Akaongeza: "Binti yangu anaolewa mwezi wa munane. Bakwe batakuja kuikala wapi?"

Kicheko kilikatika pale pale. Tukauliza ni nani mwingine ambaye nyumba yake iko na alama. Mkono mmoja uliinuka, kisha mwingine, mwisho karibu nusu ya watu. Sisi wadelege tunajua kujibu juu ya likizo, juu ya ajali kazini, juu ya mtu aliyefukuzwa bila barua. Juu ya rangi ya saloni hatukuwa na jibu. Tuliomba muda. Tulizunguka katika makambi, tukauliza wamama wanaojua kushona, wazee waliofanya kazi Gécamines, mafundi wa rangi, na tukasoma tena karatasi za sheria. Andiko hili ni jibu kwa yule mama, na kwa wote wanaolala katika nyumba ambayo wameambiwa siku moja itavunjwa.

Magonjwa mawili ya kungojea

Kolwezi iko juu ya shaba, kila mtoto wetu anajua. Union Minière ilianzisha mji huu mwaka 1937 kwa sababu ya shaba, na tangu siku zile mji na mashimo vinasukumana. Leo ukisema Mashamba, mtu hafikirie mihogo, anafikiri karieri. Ukisema Musonoi au Dikuluwe, ni vile vile. Huko Kasulo, mwaka 2014, watu waligundua kobalti chini ya lupango za kukaa, na haikukawia wakaanza kuchimba hata ndani ya vyumba vya kulala. Mwaka 2017 mamia ya familia ziliondoka pale ili sehemu ile ifungwe kwa ajili ya uchimbaji. Kwa hiyo mtu wa hapa anapoona wageni wenye kofia ya kazi na chupa ya rangi wanapita avenyu kwa avenyu, haulizi wametafuta nini.

Kile tunasahau kusema ni kwamba kati ya siku ya alama na siku ya kuhama kunaweza kupita muda mrefu sana. Kwa wengine ni miezi. Kwa wengine mtoto alikuwa mgongoni siku ile alama ilipowekwa, leo anakwenda shuleni na anajua kusoma namba iliyoandikwa kwenye ukuta wa nyumba yao. Na katika kungojea huku tumeona magonjwa mawili.

Ugonjwa wa kwanza ni kuiacha nyumba ife. Baba anasema: "Tengeneza ya nini? Tutahama." Njanja moja inapasuka, inaachwa. Mlango unakatika bawaba, unafungwa kwa kamba. Ukuta unatoka mavumbi, watoto wanakohoa. Mwisho familia inaishi kama watu wa kituo cha reli, mizigo imefungwa, hakuna anayetundika hata picha. Siku wajumbe wanapokuja kuangalia nyumba, wanakuta kibanda, na mwenye nyumba anashangaa wanapoandika kibanda.

Ugonjwa wa pili ni kinyume chake. Mtu anakopa pesa, anaongeza chumba, anatia karo chini na plafo juu, akisema watamlipa zaidi. Halafu anaambiwa hesabu ilifungwa zamani. Pesa imebaki ndani ya ukuta, na ukuta hauhamishwi.

Mbele ya brashi, karatasi

Kabla ya kusema namna ya kurembesha, tuseme maneno matatu ya sheria, maana mwenye kujua haki yake anangoja vizuri kuliko asiyejua.

La kwanza: Katiba ya nchi yetu, katika article 34, inasema mali ya mtu ni takatifu, na kwamba mtu hawezi kunyang'anywa mali yake ila kwa faida ya watu wote na kwa malipo ya haki yanayotangulia. Shikeni neno hilo: yanayotangulia. Malipo mbele, kuhama nyuma.

La pili: Code minier, ambayo ilibadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, iko na article 281 juu ya malipo ya wenye kukaa mahali ambapo mgodi unaingia. Na règlement minier ya mwaka ule ule iko na annexe nzima juu ya kuhamisha watu, kuwalipa na kuwaweka mahali pengine. Si maneno ya siri. Muombe delege wako muisome pamoja.

La tatu: kuna ile tarehe ya kufunga hesabu. Kanuni ya 5 ya Société Financière Internationale, ile ya mwaka 2012 ambayo makampuni mengi makubwa duniani yanasema yanaifuata, inakubali kwamba baada ya tarehe iliyotangazwa, kile kinachoongezwa hakihesabiwi tena. Kwa hiyo uliza: tarehe yetu ni ipi? Imeandikwa wapi? Nani alitia sahihi? Tarehe ambayo haikutangazwa kwa watu si tarehe, ni uvumi.

Sasa tumjibu mama yetu. Kufunga njanja inayovuja si kujenga nyumba mpya. Kupaka rangi saloni si kuongeza chumba. Hatujaona andiko linalomkataza mtu kusafisha nyumba anamolala na watoto wake. Lakini kama ulitia sahihi karatasi yoyote, isome kwanza, au ilete tuisome pamoja, mbele ya kushika brashi.

Na mambo mawili ya lazima. Kwanza, piga picha za nyumba nzima kabla ya kubadilisha kitu: kila chumba, ukuta wa nje, choo, kisima, miti. Simu ndogo inatosha. Tuma picha hizo kwa mtoto au ndugu aliye mbali, ili simu ikiibiwa picha zibaki. Pili, usifute alama nyekundu na usipake rangi juu yake. Tunajua inachukiza macho. Lakini ile alama na ile namba ni shahidi wako kwamba nyumba yako ilihesabiwa. Paka kando yake, iache isomeke.

Sheria yetu moja

Tulipomaliza kuzunguka, tuliona kwamba wamama wenye akili wote wanafuata sheria moja, hata kama hakuna aliyewafundisha. Tunaiandika hapa kwa ufupi: kile cha ukuta kiwe cha bure, kile cha pesa kiwe cha kubeba.

Yaani: kwenye ukuta tia udongo, maji na nguvu za mikono, maana ukuta utabaki. Pesa kidogo uliyo nayo itie katika kitambaa, uzi, mbao na mmea, maana hivyo vitapanda lori pamoja nawe. Siku ya kuhama, nyumba mpya huwa ni sanduku la saruji lisilo na kitu. Mwenye kubeba rido zake, vitambaa vyake na picha yake anaingia kwake. Asiyebeba kitu anaingia kwa mtu mwingine.

Ukuta: udongo, unga na kitambaa

Rangi ya dukani ni ghali na inabaki ukutani. Bibi zetu kijijini walipaka nyumba kwa udongo: mwekundu wa kichuguu, mweupe ule tunaita pemba, mweusi wa makala yaliyosagwa. Kazi hiyo inawezekana hata kwenye ukuta wa tofali za udongo au za saruji ambao haujapakwa rangi ya mafuta.

Fanya hivi. Ponda udongo uliokauka, uchekeche kwa kipande cha chandarua kilichozeeka, uuloweke usiku mzima. Asubuhi koroga, ngoja kidogo mchanga ushuke chini, halafu mimina ile maji mazito ya juu katika chombo kingine. Hiyo ndiyo rangi yako. Pembeni, pika gundi: kikombe kimoja cha unga wa muhogo, ukikoroge kwanza katika maji baridi kidogo kisitoe mabonge, halafu ukimimine katika vikombe saba vya maji yanayochemka, ukoroge mpaka kiwe kama uji mwepesi. Ikipoa, changanya na udongo mpaka uzito uwe kama wa maziwa ya mgando. Ongeza chumvi kijiko kimoja.

Jaribu kwanza kwenye sehemu ndogo nyuma ya mlango. Ikikauka, pitisha mkono. Ikiacha mavumbi mkononi, ongeza gundi. Ikipasuka, udongo ni mwingi, ongeza maji. Lowesha ukuta kidogo kwa kitambaa, paka mara ya kwanza, ngoja ikauke, paka mara ya pili. Huna brashi? Kitambaa kilichokunjwa kinatosha. Usitumie pale mvua inapogonga, udongo utashuka wote. Na gundi ya kesho usiipike leo, inachacha na kunuka.

Kama unataka urembo juu yake, tumia vidole. Hii si aibu. Mwaka 1946, huko Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya wachoraji iliyoitwa Le Hangar. Pale alikuwepo Bela, ambaye alichora kwa ncha za vidole vyake tu, na Pilipili Mulongoy, ambaye ndege zake na samaki zake zinajulikana mpaka Ulaya. Kama Bela aliingia katika vitabu kwa vidole, mtoto wako anaweza kutia mstari wa nukta nyeupe kuzunguka dirisha.

Rido, vitambaa na uzi wa sweta

Kitu kinachobadilisha saloni haraka kuliko vyote ni rido. Na hapa hatuna haja ya kununua kitambaa kizima. Kila fundi wa kushona ana mfuko wa vipande vya bitenge chini ya mashine yake. Wengine wanavitupa, wengine wanaviwashia mbabula. Muombe, au mpe pesa kidogo kwa mfuko. Vifue vyote kwanza kwa maji ya moto, ili vile vinavyotoa rangi vitoe sasa. Kata kwa kipimo kimoja, tuseme mraba wa upana wa mkono uliofunguliwa. Panga chini, tafuta rangi zinazopatana, halafu shona mstari kwa mstari. Kwa dirisha, upana wa rido uwe dirisha moja na nusu, ili lifanye mikunjo.

Sasa sikilizeni jambo la maana: usishone rido kwa kipimo cha dirisha hili tu. Hujui dirisha la kesho. Kunja chini upindo mrefu, wa mkono mmoja, uushone kwa uzi mwepesi unaofunguka. Na juu badala ya kutoboa ukuta kwa vyuma, shona vitanzi vya kitambaa, upitishe kijiti au kamba ngumu kwenye misumari miwili. Siku ya kuhama unang'oa misumari miwili, unakunja, umemaliza.

Kwa viti na meza, wamama wetu wanajua krosheti. Elimu hii ina historia yake hapa. Wakati wa Union Minière, na baadaye wakati wa Gécamines, katika makambi kulikuwa na foyer social, wake za wafanyakazi walifundishwa kushona na kufuma. Wakubwa walikuwa na sababu zao: walitaka mfanyakazi akae kambini, asirudi kijijini. Lakini mikono ya mama zetu ilichukua ile elimu na kuifanya mali yao. Katika miaka migumu, mshahara ulipokuwa haulipwi, na mwaka 2003 wakati wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walipoanza kuondolewa katika ule mpango ulioitwa départs volontaires, nyumba ngapi zilikula bukari kwa sababu ya sindano? Wenye kuishi wakati ule wanajua.

Uzi mpya ni ghali. Tafuta sweta ya zamani ya sufu katika marobota ya nguo za soko. Chagua ile ambayo mishono yake ya pembeni imefumwa, si iliyokatwa kwa makasi, maana iliyokatwa itakupa vipande vifupi tu. Fungua mishono, anza kufumua kutoka juu kushuka chini, ukizungusha uzi kwenye mgongo wa kiti. Uzi utatoka umejikunja kama nywele. Ufunge mahali panne, uloweshe, uutundike na kitu kizito chini yake, chupa ya maji kwa mfano. Ukikauka utakuwa umenyooka, na sweta moja ya mtu mzima inaweza kukutolea vitambaa vya viti na cha meza pia.

Ukumbusho

Wazee watakumbuka. Miaka ya 1970, ukiingia katika saloni ya mfanyakazi hapa Katanga, ulikuta picha ukutani, iliyochorwa kwa mkono, mara nyingi juu ya kitambaa cha mfuko wa unga. Mamba muntu na nywele zake ndefu. Colonie belge, mfungwa anachapwa fimbo. Nyumba za kijijini kandokando ya maji. Watu waliziita ukumbusho. Mmoja wa wachoraji hao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu. Alichora historia yote ya nchi yetu, picha karibu mia moja, na leo wasomi wa mbali wanaandika vitabu juu yake. Yeye aliuza picha zake kwa watu kama sisi, ambao walitaka kitu cha kutazama jioni na cha kuelezea watoto.

Tunasema hivi: nyumba yenye alama nyekundu inastahili ukumbusho wake. Chukua kipande cha shuka ya pamba iliyozeeka. Tengeneza fremu ya mbao nne, uivute shuka juu yake ngumu kama ngoma, uipigilie misumari midogo nyuma. Paka safu nyembamba ya ile gundi ya muhogo iliyochanganywa na pemba, iache ikauke. Halafu mpe mtoto anayejua kuchora, au fundi wa kuandika mabango wa kartiye ambaye ana rangi zilizobaki katika mikebe. Achore nyumba yenu jinsi ilivyo: mlango, mwembe, bomba la maji, jina la avenyu. Ndiyo, na alama nyekundu pia, na namba yake. Nyuma ya picha andika majina ya waliozaliwa ndani yake, na mwaka mlioingia.

Baba mmoja mfanyakazi wa karieri alituambia alifikiri hiyo ni michezo ya watoto. Mwanawe alipomaliza kuchora, baba aliikaa mbele yake muda mrefu, halafu akasema: "Umesahau mupapai." Mtoto akaongeza mpapai. Siku ya kuhesabu miti iliporudiwa, baba yule yule alikumbuka kwamba hata kwenye orodha ya wajumbe mpapai haukuwamo. Akaudai.

Miti katika mikebe

Mwembe haubebeki. Huo hesabu vizuri, upige picha, uone umeandikwa katika orodha pamoja na umri wake. Lakini maua na ua wa nyumba vinabebeka, ukianza mapema.

Kusanya mikebe ya maziwa ya unga na ya nyanya. Toboa chini kwa msumari, tundu tatu nne, maji yapate kutoka. Tia changarawe kidogo, halafu udongo mweusi uliochanganywa na mbolea ya kuku iliyozeeka. Bugenvilia na hibiskasi huota kwa kijiti: kata tawi lililokomaa, refu kama penseli, toa majani ya chini, lizamishe nusu ndani ya udongo, weka kivulini na umwagilie kidogo kidogo mpaka litoe majani mapya. Ukipanda vijiti kumi leo, hata vikifa vinne, utafika lupango mpya na mwanzo wa ua. Panda pia kokwa la avoka na la embe. Miti hiyo itachukua miaka mbele ya kuzaa, ndiyo sababu ya kutokungoja. Miaka ya kungojea hapa, mti nao unaitumia kukua ndani ya mkebe.

Vile visivyoingia nyumbani

Hapa tunazungumza kama watu wa mgodi kwa watu wa mgodi, bila kuficha.

Usitengeneze rangi kwa mawe ya kijani au meusi. Tumeona watu wanasaga malakiti kwa sababu ya kijani chake, na heterojeniti kwa sababu ya weusi wake. Malakiti ni shaba, heterojeniti ni kobalti. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walitoa matokeo ya kazi yao huko Kasulo: watu waliokaa kati ya mashimo walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika mkojo na damu kuliko watu wa sehemu nyingine ya mji, na waliozidi ni watoto. Watoto hawakushuka shimoni. Waliishi na mavumbi tu. Sasa wewe utayachukua mavumbi yale yale uyapake kwenye chumba cha mtoto?

Udongo wa rangi uchukue mahali miti inaota vizuri na watu wanalima. Wazee walijua: pale msituni ambapo miti inakataa kuota, panamea majani tu na yale maua madogo ya zambarau, chini kuna shaba. Udongo wa pale uache. Wa pembeni ya barabara ya malori uache pia, na wa kwenye rejets za kiwanda usiuguse.

Mbao za paleti na bidoni kutoka viwandani, tunajua vinavutia. Lakini hujui vilibeba nini. Viwanda vyetu vinatumia asidi ya sulfuriki na dawa nyingine nyingi. Bidoni hiyo si ya maua, si ya maji, si ya kitu. Mifuko iliyobeba madini, hata ikifuliwa mara kumi, isigeuzwe mkeka wa mtoto kulalia. Tumia mifuko ya unga.

Na kabo za shaba, wandugu, tuziache kazini. Ni kweli waya wa shaba unatoa urembo mzuri. Lakini tumewatetea watu waliokamatwa getini na mita mbili za waya ndani ya buti, na hakuna kazi ngumu kwa delege kuliko ile. Urembo wa ukuta usikupotezee mshahara wa nyumba nzima.

Jambo la mwisho la usafi: fagia kwa kumwagia maji kidogo kwanza, na ukuta na meza upanguse kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu unainua mavumbi na kuyarudisha kwenye pua ya mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto.

Bakwe walikuja

Yule mama aliyeuliza hakungoja andiko hili. Alianza mwezi wa sita pamoja na majirani wawili, nyumba zao pia ziko na alama. Walipeana zamu: jumamosi moja kwa huyu, jumamosi nyingine kwa yule. Udongo waliutoa shambani kwa dada yake, vipande vya bitenge kwa mafundi watatu tofauti. Baba wa nyumba, mwenzetu wa zamu ya usiku, alifunga njanja mbili na kurudisha bawaba ya mlango.

Mwezi wa munane bakwe walikuja, na sisi wengine tuliitwa. Saloni ilikuwa nyekundu ya udongo na nukta nyeupe kuzunguka madirisha, rido za vipande, vitambaa vya krosheti juu ya viti ambavyo viwili kati yake viliazimwa. Mzee mmoja wa upande wa muoaji aliangalia rido, akauliza mama alilinunua duka gani. Mama akamwambia: "Baba, hii ni vipande vya jalala." Mzee akasema basi ule muji uko na jalala zuri.

Alama nyekundu bado iko nje, inasomeka. Nyumba bado haijalipwa. Tarehe ya kuhama bado hatujaambiwa, na barua tuliyoandika kuiomba tunaifuatilia. Hatusemi kwamba rido linamaliza mambo hayo. Tunasema tu kwamba mtu anayedai haki yake akitokea katika nyumba inayoishi, anadai na sauti nyingine.

Kwa hiyo, wenye nyumba zenye alama, mkutano unaokuja leteni vitu viwili. Karatasi zote mlizopewa, hata ile mliyoifunikia karanga, ili tuzisome pamoja. Na mfuko wa vipande vya vitambaa, wa kubadilishana. Wamama watakaa upande wa dirisha, kuna mwanga pale wa kushonea. Sisi wadelege tutakaa upande wa mlango na daftari, tuandike namba ya kila nyumba.